Kushoto kwa Cherehani

Likizo ya siku saba, kitabu kimoja kinene kama tofali, na kiapo. Ndivyo Msomi alivyofika kwa dada yake mshonaji. Jina la Msomi alipewa na dada huyo huyo, siku aliporudi kutoka chuo kikuu mwaka wa tatu bila cheti, kabeba begi la vitabu ambalo mpaka leo linazuia mlango wa jikoni usijibamize.

Kiapo alikila mbele ya mkewe.

"Mume wangu, wewe hujawahi kumaliza kitu," mkewe alimwambia. "Chuo hukumaliza. Riwaya yako mwaka wa nne huu haina mwisho. Chai yenyewe unabakiza. Nenda kwa wifi, pumzika, usome hicho kitabu cha mwandishi mwenzio mpaka mwisho. Ukirudi hujamaliza, meza yako ya kuandikia natoa, kile chumba kinaingia friza."

Na friza ilishanunuliwa. Imesimama sebuleni, imefunikwa kitambaa, inamtazama Msomi kama mpangaji anayesubiri mwenzie ahame.

Sasa, kwa dada mtu, kusoma si kazi na wala si kupumzika. Ni kukaa.

"We, si umekaa tu? Njoo unishikie upindo."

"Dada, nasoma."

"Naona. Umekaa. Shika hapa."

Akashika upindo. Akachambua vifungo. Siku ya tatu akasimamishwa juu ya stuli kavalishwa gauni la mteja, eti mabega yao yamelingana. Kitabu kashika mkononi, ukurasa wa mia na kumi, na pini zinamchoma kiunoni.

"Kaka, ni cha mtihani?" akauliza nesi wa jirani, aliyekuwa anakuja kila siku kuulizia sare yake.

"Hapana. Napumzika."

"Unapumzika na umekunja uso hivyo? Basi siku ukichoka tutakimbia."

Lakini alisoma. Alisoma chooni, alisoma akimenya viazi. Hadithi ilikuwa ya mwanamume aliyetoka kununua kiberiti, akapotea miaka tisa. Siku ya sita Msomi akafika pale jamaa amerudi, kasimama mlangoni, anabisha. Zimebaki kurasa kumi. Akasema aoge kwanza, azimalize akiwa msafi. Akaweka kitabu mezani, akaenda.

Hapo ndipo alipokosea. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu, na aliijua tangu utotoni: kilicho kulia kwa cherehani ni cha mteja, hakiguswi. Kilicho kushoto ni cha kukatwa.

Alipotoka bafuni, kitabu kilikuwa kimekonda.

"Dada! Kurasa zangu ziko wapi?"

"Ulikiweka upande gani?"

Msomi akaitazama meza. Kushoto.

"Basi," dada akasema, mdomoni kabana pini. "Nilitaka karatasi ngumu ya kukatia kola ya nesi."

"Na kwa nini za mwisho?"

"Ulitaka nikate ulizokwisha kuzizoea? Hizo hata hujaonana nazo, ungezikosaje?"

Msomi akakaa chini sakafuni, na taulo lake, akajishika kichwa. Friza aliiona kabisa ikisukumwa chumbani, inapita mlangoni bila hata kukwaruza.

"Usijilize," dada akasema. "Nimezisoma kabla ya kukata. Mimi si mshenzi. Sikiliza. Jamaa anabisha. Mke yuko ndani anamsikia, anajifanya anaosha vyombo. Anabisha tena: 'Mke wangu, ni mimi.' 'Wewe nani?' 'Mumeo.' Mke anamwambia, 'Wangu mimi alikwenda kununua kiberiti. Umekuja nacho?'"

"Weee!" nesi, aliyekuwa kafuata sare yake, akasogeza kiti.

"Anapapasa mifuko. Hana. Mke anachungulia dirishani: 'Basi kanunue, giza linaingia.' Akapiga komeo. Kwisha."

Nesi akajipiga paja mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Msomi alisahau taulo, alisahau na hasira. Kisha swali likamjia: mbona kitabu kizima hakuna hata mtu mmoja anayeongea hivyo? Akatambaa chini ya meza, akaokota vipande vya kola, akaviunganisha kwa pini sakafuni kama anayepanga vigae. Ilimchukua saa nzima. Pale mwishoni paliandikwa: *Naye akamfungulia, machozi yakimbubujika, akanena: Ewe mwenza wa moyo wangu, karibu katika...* Yaliyobaki yalikwenda na tundu la shingo.

"Dada, umenidanganya!"

"Sijakudanganya. Nimesoma nikaona panapwaya. Mtu miaka tisa, halafu 'ewe mwenza'? Nikapunguza. Si ndiyo kazi yangu?"

"Mimi ningemmwagia na maji ya vyombo," nesi akaongeza.

Msomi alitaka kugomba. Ila aliona aibu, maana kwenye riwaya yake mwenyewe watu waliitana "ewe" hata wakiombana chumvi.

Simu ikalia. Mkewe.

"Umemaliza?"

Msomi akatazama vile vipande. "Nimemaliza."

"Kinaishaje?"

Alifungua mdomo aseme ya machozi. Ya kiberiti ndiyo yaliyotoka, na komeo lake. Upande wa pili mkewe akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo mwanamke ana akili," akasema. "Haya, friza itakaa sebuleni. Mpaka umalize na ya kwako, lakini!"

Msomi akaingia chumbani, akafungua begi lake la safari, akatoa ile riwaya ya miaka minne, imefungwa kwa kamba. Akasimama mbele ya cherehani muda mrefu, kama mtu anayempeleka mtoto kuchomwa sindano. Akaiweka mezani, kushoto.

Dada akashusha miwani. "Umeona ulipoiweka?"

"Nimeona."

"Usije ukanililia."

"Kata, dada. Kata kabla sijabadili mawazo."

Dada akavuta mkasi, akafungua kamba, akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza tu, akaguna.