Mayowe ya Lottie Hruska

Kwa miaka kumi na mmoja Lottie Hruska aliuawa mara mia mbili na kumi na nne, na hata siku moja hakufa akiwa amevaa nguo za kutosha. Alinyongwa na majasusi, akafungwa kwenye reli, akatupwa kwenye mashimo ya nyoka, akabebwa begani na sokwe, akatumbukizwa kwenye mapipa na madaktari wenye miwani minene. Jumapili alipumzika. Wanaume wa New York, kuanzia makuli wa gatini hadi makarani wa benki, walimnunua kwenye vibanda vya magazeti, wakamficha ndani ya gazeti la heshima, wakaenda naye nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Kazi yenyewe ilifanyika ghorofa ya nne, Mtaa wa 23, kwa mchoraji aitwaye Augie Bellanca, mtu mnene mwenye rangi kwenye kucha na vitunguu kwenye pumzi. Augie alimpiga Lottie picha kwa kamera kwanza, kisha akachora jalada la gazeti la hadithi kwa kuitazama ile picha. Sokwe alikuwa shemeji yake Augie, kinyozi, ndani ya ngozi iliyoliwa na nondo. Pweza alikuwa mpira wa kumwagilia maua. Mwandishi wa hadithi aliitwa mwisho kabisa: akapewa jalada lililokwisha kukauka, akaambiwa haya, eleza huyu sokwe ameingiaje kwenye nyambizi, na tunaitaka Ijumaa. Ukizisoma hadithi zile utadhani ziliandikwa na sokwe mwenyewe.

Nywele ndizo zilizobadilika. Mwezi huu Augie alimpaka nyekundu, mwezi ujao za dhahabu, wa tatu nyeusi tii, na msomaji akaridhika kwamba ameletewa mwanamke mpya. Bega la kushoto halikubadilika: mkanda wa gauni ulipaswa kuteremka, lakini uishie mahali fulani, na mhariri alikuwa na rula ya kupimia mahali hapo.

Lakini kilichomlisha Lottie hasa ni yowe. Wasichana wengine walijua kuachama. Lottie alijua kupiga yowe. Viganja mashavuni, kichwa nyuma, macho yametoka, mdomo wazi mpaka koo, na sauti hakuna, kwa dakika kumi na tano nzima bila kutikisika, huku Augie akihangaika na taa. Siku za kazi alikula supu tu, maana taya halikukubali kutafuna. Mama yake, kule Yorkville, aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko kwa daktari wa meno, na ukifikiria muda aliokaa mdomo wazi, bibi wa watu hakusema uongo mkubwa.

Mwaka wa 1956 Lottie alitimiza miaka thelathini na sita, na magazeti yakaanza kufa kama nzi wa msimu wa baridi. Mwezi mmoja yalifungwa matatu.

"Televisheni, dada'angu," Augie alimwambia, akitafuna mkate wake wa nyama. "Mtu anakaa kwenye kochi na mkewe, anatazama ndondi bure. Nani atatoka nje kwenye mvua kununua sokwe?"

"Na mimi je?"

"Wewe umeliwa na kila mnyama aliyeumbwa na Mungu. Hata mamba wamekuchoka."

"Augie, nakuuliza kwa kweli."

Augie akafuta vidole kwenye aproni, akavuta bahasha kutoka chini ya kopo la tapentaini. Barua ilitoka kwa kampuni ya Sabuni ya Stroud. Walitaka kumwona yule mwanamke anayekaa pozi kwa Bwana Bellanca, yeye na si mwingine, Jumanne saa nne asubuhi, kwa habari ya mabango ya mwaka mzima. Wanatafuta mama wa nyumbani. Kulikuwa na sharti moja: aape kwa maandishi kwamba hajawahi kutokea katika chapisho lolote lisilofaa kuwekwa mezani mbele ya familia.

"Hiyo ndiyo imekwisha," alisema Lottie.

"Imekwishaje? Tia saini. Jalada ni langu, nywele ni zangu, sokwe ni shemeji yangu. Wewe nani aliyekutazama usoni? Watu walikuwa na shughuli nyingine."

Lottie aliisoma barua ile njia nzima ya kurudi nyumbani. Mwaka mzima. Mwaka wa kuamka Jumatatu ukijua una kazi, wa kusimama kwenye bango umefunga vifungo vyote na mdomo umefunga pia, mama akapita na majirani zake dukani, akaonyesha kwa kidole. Aliitaka kazi ile mpaka akaona aibu. Alinunua gauni la kijivu lenye kola ya kufika kidevuni na vifungo vitano kila bega, na usiku huo akasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya kufurahi.

Jumanne aliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na picha ya marehemu Bwana Stroud ukutani, mzee wa ndevu nyeupe aliyeonekana kama anaoga mara tatu kwa siku. Chini ya picha alikaa mjane wake, Bibi Winifred Stroud, mwembamba, glavu mkononi, ambaye sasa ndiye mwenye kampuni. Kando yake walikaa mabwana watatu: Pettibone, mwanasheria, mwandishi wa kile kiapo na mzee wa kanisa; Loomis wa mauzo, mwenye tabasamu la kukodi; na Eckhart wa hesabu, aliyesemekana kwamba mwaka wa 1949 aliusimamisha mkutano wa wanahisa kwa ajili ya nukta iliyokosewa.

Lottie akatia saini kiapo. Mtu aliyewahi kukaa kwenye mdomo wa mzinga hababaiki kwa karatasi.

"Sasa, mwanangu," alisema Bibi Stroud, "chukulia umefungua kabati. Umeona shuka zilivyotakata. Furahi."

Lottie akafurahi. Mabwana wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Furahi zaidi."

Akafurahi zaidi.

"Bado, mwanangu. Shuka hizo hujapata kuziona maishani mwako. Zaidi. Zaidi kuliko hapo."

Furaha ya Lottie ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe haukuwa mbali. Alitabasamu mpaka tabasamu likaisha. Akatafuta kitu cha kuongeza, na uso wake, ambao kwa miaka kumi na mmoja ulifunguliwa kwa namna moja tu, ukajifungukia wenyewe. Viganja vikaruka mashavuni. Kichwa kikaenda nyuma. Mdomo ukapanuka mpaka koo, bila sauti. Na bega la kushoto, ingawa lilifungwa vifungo vitano, likateremka.

Loomis akapiga bilauri ya maji kwa kiwiko, ikagaragara mezani. Pettibone akavua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Eckhart hakufanya kitu. Alitazama tu, mdomo nao umeachama kidogo, kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenziwe wa zamani.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi Stroud. "Mnamfahamu?"

"Hapana," walisema wote watatu.

Hapo wangenyamaza, Lottie angepona. Lakini nyani haoni kundule, na Pettibone alikuwa na kiapo chake cha kukilinda.

"Bibi, sina budi kusema," alianza, akisimama. "Mwanamke huyu ametudanganya. Huyu yumo kwenye majarida machafu."

"Ala. Umejuaje?"

"Nimesikia. Kuna... kuna ndugu kanisani alinidokezea, kwa masikitiko makubwa. Anasema lile la Juni, ambapo huyu dada amebebwa na sokwe—"

"Machi," alisema Eckhart.

Eckhart akawa mwekundu hadi masikioni, lakini kosa lilikwisha kutajwa mbele yake na hakuwa na uwezo wa kuliacha. "Sokwe ni Machi, Pettibone. Juni ni pweza."

"Pweza ni Agosti," alisema Loomis. "Nakumbuka vizuri, nilikuwa likizo na... nilikuwa likizo."

"Agosti gani?" alisema Eckhart. "Unasema la '52, yule pweza mdogo."

"Pweza mdogo! Bwana, yule alikuwa na mikono kumi na mmoja. Nilimhesabu."

"Na huyo ndugu yangu wa kanisani," alisema Pettibone kwa ukali, "ana hakika kabisa ni sokwe, na ni Juni, kwa sababu mkewe alikuwa Ohio."

"Si tumuulize mwenyewe?" alisema Loomis, na wote watatu wakamgeukia Lottie kwa unyenyekevu wa kweli.

Na Lottie, maskini ya Mungu, alikuwa mtu wa kazi yake. Mtu akikosea kazi yako utamsahihisha, hata kama una kitanzi shingoni.

"Sokwe ni Machi," alisema. "Pweza ni Juni. Agosti ni mashine ya kusaga nyama."

"Mashine!" alisema Loomis, akijipiga paji la uso. "Haswa, mashine."

Ndipo walipomkumbuka Bibi Stroud. Hakuwa amesogea. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka kila mmoja akapata kitu cha kuangalia kwenye zulia.

"Asanteni, mabwana," alisema. "Nendeni mkafanye kazi."

Wakatoka wakifuatana, watu wazima watatu wenye hisa na pensheni. Hakuna aliyefukuzwa. Huwezi kumfukuza mwanasheria, mwuzaji na mhasibu asubuhi moja, sabuni itauzwa na nani?

Lottie akaanza kuvaa glavu zake. "Samahani, bibi. Nilihitaji kazi. Ndiyo maana nikatia saini."

"Kaa," alisema mjane. "Nilijua kabla hujaingia."

Lottie akakaa.

"Marehemu alipofariki nilikuta sanduku kabatini, nyuma ya viatu vyake vya gofu. Magazeti mia na tisini. Nikajiambia, Harold alikuwa na wanawake mia na tisini wa karatasi, basi, ndivyo walivyo. Nikayapanga mezani niyachome." Alinyoosha glavu yake, kidole baada ya kidole. "Wao hutazama nywele. Mimi nilitazama uso. Nikaona ni mmoja. Miaka yote ile, mume wangu alikuwa na mwanamke mmoja tu."

"Bibi, mimi sikumjua mumeo."

"Najua. Kama ungemjua ingekuwa rahisi. Niliwaandikia wenye magazeti mpaka nikampata huyo Bellanca wako. Nilitaka nikuone. Nijue una nini."

"Na mabango?"

"Mabango tumempa binti mmoja wa Vermont. Ana miaka kumi na tisa." Alisema bila chuki, kama mtu anayetaja bei ya mkate. "Tumekwisha kumpiga picha wiki iliyopita."

Lottie alihisi uso ukimwaka. Hakuwa amelia mbele ya mtu tangu shuleni, na hakulia, lakini hasira ilimpanda mpaka mikono ikawa mizito. Wale watatu hakuwakasirikia. Kilichomuuma ni kwamba vifungo kumi vya mabega alivifunga mwenyewe asubuhi ile akiimba.

"Kwa hiyo hapakuwa na kazi," alisema.

"Hapakuwa."

"Ulinipigisha yowe makusudi. Zaidi, zaidi."

"Nilitaka nihakikishe."

"Haya. Umeniona. Nina nini?"

Bibi Stroud akamtazama kwa muda mrefu: miguu iliyovimba ndani ya viatu vya mtumba, mikunjo kwenye pembe za mdomo ambayo Augie hakuwahi kuichora.

"Huna kitu," alisema mwishowe. "Mwanamke tu. Ningefurahi ungekuwa na kitu."

Labda alitarajia kuhurumiwa. Siku nyingine Lottie angemhurumia, maana kweli ilikuwa huzuni. Leo huruma haikuwapo.

"Sikiliza, mama," alisema. "Macho hayana pazia, kutazama si dhambi. Mumeo alinitazama. Wale mabwana zako wananitazama, wanasema uongo, wanasingizia ndugu wa kanisani. Lakini kila mmoja wao alikwenda kibandani akatoa hela yake kwanza. Wewe ndiye wa kwanza kutaka bure."

Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha hati za malipo, kile ambacho kila msichana wa kazi ile hutembea nacho, maana bila saini ya mteja wakala halipi hata senti. Akakilaza juu ya meza, katikati ya maji ya Loomis yaliyomwagika, akaandika tarehe. Akaandika saa ya kuingia, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa ya kutoka. Mteja: Bi. W. Stroud. Palipoandikwa aina ya kazi, ambapo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameandika jalada, au kalenda, au tangazo la bia, alisita kidogo. Kisha akaandika: Kutazamwa.

Akaisukuma karatasi kwa mjane, na kalamu juu yake.

Bibi Stroud aliisoma. Akarudia kuisoma. Kisha akavua glavu ya kulia, akatia saini.