Mafungu Yasiyolingana

Asubuhi ile wauguzi wa wodi ya wazazi walikuwa wakizima kompyuta moja ili nyingine ipate mtandao. Fundi mitandao wa hospitali alijua tatizo tangu juzi, ila alisita kuligusa. Mtandao ule ulipangwa na mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kazi kabla ya kustaafu. Mjomba alikuwa na anwani za mtandao mia mbili hamsini na sita, moja kwa kila kifaa, akazikata mafungu manne sawasawa: wodi, maabara, duka la dawa na ofisi. Sasa wodi zina vifaa tisini na fungu lao ni la sitini na nne. Maabara ina kumi na kimoja. Huku wanabanana, kule anwani zimelala bure.

Mwishowe akampigia mjomba simu. Baada ya shikamoo alizungukazunguka, akauliza habari za magoti, akauliza mvua.

"Sema ulilopigia, mama," mjomba akamkata.

Akasema. 

"Wakuu wa idara walikuwa wanagombana," mjomba akasema. "Nilikuwa natafuta amani tu. Kata upya. Kila idara ipewe kwa kadiri ya vifaa vyake."

Mchana akakata. Wodi zikapata mia moja ishirini na nane, ofisi sitini na nne, maabara na duka la dawa thelathini na mbili kila moja. Wodi zikapata mtandao papo hapo. Duka la dawa likaukosa. Mfamasia akaja na cheti cha dawa mkononi, akasimama mlangoni akikinyoosha, na hilo likamuuma fundi kuliko kufokewa.

Akapitia maelekezo ya ruta, kifaa kinachoelekeza mawasiliano, mstari kwa mstari. Robo ya mwisho ya anwani, iliyokuwa ya ofisi, ndiyo aliyoigawia maabara na duka la dawa. Maabara aliiandikia njia yake. Duka la dawa alilisahau. Ruta, kwa kukosa maelekezo mapya, ilifuata mstari wa zamani na kupeleka ofisini kila jibu la duka la dawa. Akaongeza njia iliyokosekana, akafuta ile ya zamani. Printa ya mfamasia ikaanza kukohoa karatasi.

Jioni mjomba alipiga mwenyewe. Hakuuliza kama fundi amekosea. Aliuliza amekosea wapi. Fundi akamweleza yote. Mjomba akacheka taratibu, kisha akamwomba amsomee mafungu mapya, polepole, aandike kwenye daftari lake.