Mabamba Kumi na Moja ya Fundi Bomba

Mlipita pale mgodini, msikatae. Mlipandisha vioo vya magari kwa sababu ya harufu ya tindikali, mkageuza nyuso upande wa pili. Ndiyo maana hamkumwona mke wa fundi bomba akiwa kazini.

Mumewe alikuwa akizibua mabomba juu ya lundo la mabaki ya mgodi. Miaka mitatu iliyopita kifusi kilimmeza. Kampuni haikufukua. Iliandika kitabuni, "ametoroka kazi," ikaendelea kunyunyiza tindikali. Tindikali hupenya kwenye kifusi, huyeyusha shaba iliyosalia, hutokea chini na rangi ya buluu. Kwenye matangi umeme huigandisha shaba juu ya mabati ya chuma. Kazi ya mke ni kuibandua kwa patasi, bamba baada ya bamba.

Jumatatu alibandua bamba lenye sikio la mumewe, lile lililong'atwa na mbwa. Akalifuta vumbi, akachukua lingine. Jumanne lilikuja bega. Alhamisi, mdomo.

"Mama watoto, umekonda," mdomo ukasema.

"Na wewe umekuwa mwekundu kama kutu. Ulikuwa wapi?"

"Si humo humo lunduni! Kwani walikwambiaje?"

"Eti umekimbia na mwanamke."

"Mwanamke gani huyo wa kunikubali na meno haya?"

Alicheka hadi patasi ikamponyoka.

Nyapara alikuja kukagua. "Shemeji, za siku nyingi?"

"Nzuri tu, nyapara. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Akaligonga bamba kwa kidole. "Shaba safi. Funga, mama, lori linakuja."

"Kaka, niachie nikamzike. Watoto wanauliza kaburi la baba yao liko wapi."

Nyapara alivua kofia. "Dada yangu, ningekuwa na uwezo ningekubebea mwenyewe. Lakini kitabu kinasema alitoroka. Mtoro hazikwi."

Wakayafunga pamoja, taratibu, mabamba yote kumi na moja yaliyotoka na viungo vya mumewe. Mke akavua sweta lake akaliviringisha kwenye bamba la mdomo, minyororo isije ikalikwaruza.

Sasa hivi mabamba yote kumi na moja yako juu ya lori. Kitabu hakijafutwa hata herufi moja. Mke amepanda, ameketi juu ya mzigo, kiganja kikiwa juu ya sweta; anamsimulia mumewe kwamba kitinda mimba ameng'oka jino. Dereva ameshawasha injini. Ametoa dakika tano, kisha atamshusha, maana mke yuko peke yake; wangekuwa wengi asingethubutu.

Pembeni yake pana nafasi. Acha kusoma. Nenda ukakae.