Chumba cha Magurudumu Mawili

Ilikuwa siku tukufu katika historia ya Kindu, siku ambayo watu wa kando zote mbili za mto Lualaba wangewasimulia wajukuu wao: siku ya kuzinduliwa kwa nyumba ya kwanza ya mkoa wa Maniema yenye magurudumu. Waliohudhuria sherehe ni Mama Hawa, watoto wake wawili, na bata mmoja aliyechechemea.

Nyumba yenyewe ilikuwa remoki, tela ndogo ya kubebea mizigo inayokokotwa na gari. Kassim, mwanawe mkubwa, aliipigia kuta za mbao na paa la bati, akatoboa dirisha la kusukuma, akaweka ndoano ya chandarua, na ndani akatengeneza kitanda chenye sanduku la sufuria chini yake. Mama Hawa aliuza chumvi na sabuni kwenye masoko ya ng'ambo ya mto, hadi Kailo, na miaka yote alilala juu ya magunia yake.

"Kitanda chako njo kile, mama," Kassim alisema. "Mimi nitalala ndani ya gari."

"Na mimi?" akauliza Djamali, mdogo wake.

"Wewe uko na kitanda kule internat, kwenye bweni la shule. Tena cha chuma!"

Djamali alicheka kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na mitano na alijua kucheka bila kufurahi.

Remoki hiyo ilikuwa na historia, na Djamali hakuwamo. Wakati wa vita, Kindu ilipokimbia, marehemu baba yao aliisukuma kwa mikono katika njia ya Kailo, Mama Hawa akiwa juu yake na tumbo kubwa. Kassim akazaliwa humo, kati ya sufuria, mvua ikinyesha. Kila mgeni alisimuliwa. Mama alipofika kwenye mvua sauti yake ililainika, na mkono wake ukatafuta bega la Kassim, jitu zima lenye ndevu. Djamali alizaliwa miaka kumi baadaye, hospitalini, juu ya shuka safi. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba asimuliwe hilo.

Asubuhi ya safari ya kwanza ya ng'ambo Mama alipanda kujaribu kitanda, akasinzia papo hapo. Kassim alikuwa mbele, kichwa ndani ya injini ya gari la kuazima. Djamali akakata matawi mawili ya ngazi, ule mti wa mawese, nyuma ya nyumba, akayafunga nyuma ya remoki, moja kila upande. Kindu nzima inajua maana ya matawi hayo: hapa pana maiti. Watu watacheka, aliwaza, remoki itaitwa gari la maiti, Mama ataona haya kulala humo, na safari itakufa. Akapanda baiskeli, akawahi kivukoni. Kazi nzuri kama hiyo ilistahili shahidi.

Lakini hakuna aliyecheka. Gari lilipofika, kelele za kivukoni zilikatika. Wanaume wakavua kofia. Wenye baiskeli za ndizi wakasogea pembeni, na Kassim, ambaye angengoja hadi mchana, akapitishwa mbele ya wote. Alipita akipunga mkono kama gavana. Djamali aliuma meno. Hata kwa kosa, heshima ilimwendea Kassim!

"Pole, ndugu yangu," mvushaji alisema kwa sauti ya chini. "Nani iko ndani?"

"Mama yangu," Kassim akajibu kwa fahari. "Nimemutengenezea mimi mwenyewe."

"Mama Hawa wa sabuni? Uwiii!"

Mwanamke mmoja akajitupa chini. Wengine wakadakia, na jina la Mama Hawa likapanda juu ya mto, likililiwa. Katika hesabu zote za Djamali, maiti hakuwa mtu.

Dirisha likasukumwa. Kichwa kikatokea, kitambaa kimekaa upande.

"Nani amekufa?" akauliza Mama Hawa.

Ukingo wote ulikimbia. Mikungu ya ndizi ilibaki chini, na mvushaji akaruka mtoni na viatu vyake. Kassim alisimama mdomo wazi. Mtu mwingine mmoja tu hakukimbia: kijana mwenye baiskeli.

Mama Hawa alishuka, akamtazama kijana, akayatazama matawi. Alifungua fundo taratibu. Kilichofungia kilikuwa kipande cha shuka jeupe, na pembeni kulikuwa na namba ya mwanafunzi wa bweni, kwa uzi mwekundu.

"Hii namba njo nani aliishona?" aliuliza.

"Wewe, mama."

"Kila shuka. Kila soksi. Mpaka macho yakauma. Sasa sema."

Djamali alikuwa na utetezi mzito, wenye utangulizi. Aliuacha.

"Njo mimi," alikiri. "Nilikuwa na wivu. Wa Kassim, kidogo. Wa remoki, sana."