Goti la Shamira

Muzafaru hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema, maana Busia ina midomo, na midomo hiyo ikimshika mtu haimwachii nyama. Alikuwa mfanyabiashara tu, mwenye duka la vitenge karibu na mpaka, na dada yake Shamira ndiye aliyekuwa akimvushia mzigo kutoka upande wa Uganda.

Shamira alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, baada ya lori kumkanyaga kule Malaba kwenye ile foleni ya malori isiyoisha. Akapewa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Na nani wa mpakani asiyejua mambo yake? Mlemavu akija na baiskeli yake, anapishwa. Turubai la mzigo halifunuliwi, karatasi za ushuru haziulizwi. Walemavu wakapata riziki hapo, na wenye maduka wakanenepa.

Basi mwaka wa pili, wataalamu wakapiga kambi hospitali ya Alupe, wanapima watu miguu ya bandia bila malipo. Shamira alikuja dukani kutoa habari, meno yote nje. Muzafaru akajikuna kidevu.

"Sasa ukishaanza kutembea kama sisi, nani atakupisha pale?" akamwambia. "Watakuona mzima, wakufungulie mzigo kama mtu yeyote. Ngoja kidogo, dada yangu. Hawa watu watarudi tu."

Shamira akanyamaza. Muzafaru akakichukua kimya kile kuwa ndiyo. Jamani, ni rahisi sana kumwelewa mtu vile unavyotaka wewe.

Walirudi kweli, baada ya miaka sita. Kufikia hapo mambo ya mpakani yalikuwa yamegeuka, kila mzigo unapekuliwa, wa mlemavu na wa mzima. Muzafaru akamsindikiza dada yake Alupe mwenyewe, tena kwa bashasha, utadhani wazo lilikuwa lake tangu zamani.

Fundi wa viungo, bwana mmoja mpole aitwaye Mathew, alimlaza Shamira kitandani akajaribu kulinyoosha goti. Halikunyooka. Akajaribu tena, polepole. Shamira akauma mdomo.

"Limekakamaa, dada," Mathew akasema. "Ni kukaa. Miaka yote hii limekunjwa kwenye kiti, na mguu wa bandia unataka goti linalonyooka. Mazoezi tutaanza, lakini sitakuficha, tumechelewa sana."

"Na kama ningekuja ile mara ya kwanza?"

Muzafaru alitamani fundi yule aseme uongo. Wallahi, hata uongo mdogo tu.

"Ungekuwa unatembea," Mathew akasema.

Walipotoka nje, Muzafaru alishindwa kuisukuma baiskeli. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa ameketi pale mbele yake, anafunga mtandio.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Hukunizuia, kaka. Ulisema tu." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Siku ile ya kupimwa, mara ya kwanza, niliamka mapema nikaoga, nikavaa. Nikakaa mlangoni mpaka adhana ya alasiri. Nilijua utafikiria vizuri, utakuja kunipeleka."

Muzafaru aliikumbuka siku yenyewe. Alishinda dukani akikunja vitenge, na kutoka pale hadi mlango wa dada yake ni hatua mia mbili.