Samaki wa Dirishani

Bibi Akulina alipohamia Saint Petersburg kwa bintiye, aliicheka baridi ya huko. "Hii nayo baridi? Njooni kwetu Yakutsk muone!" Akatundika nje ya dirisha samaki walioganda aliotoka nao kwao, kama wafanyavyo Yakutsk kila majira ya baridi, nje ikiwa ndiyo friji yao.

Kesho yake upepo wa bahari wenye unyevu ulimpenya hadi mifupani, akawa anatetemeka ndani ya koti lake la manyoya. Samaki nao wakayeyuka.

Zoya, jirani wa chini, akapanda juu, kofia imelowa chapachapa.

"Bibi wee, samaki wako wamenikojolea kichwani!"

"Ulaumu mji wenu! Mimi unanigandisha, samaki wanaushinda!"

Zoya akaangua kicheko. "Basi tuwapike. Viazi ninavyo."

Supu ilipochemka, Akulina akavua koti, mara ya kwanza tangu afike.