Ndani ya Roboti

Kwenye filamu ile kulikuwa na lifti mbovu: ukishuka nayo unatokea zamani, ukipanda unatokea miaka mia mbili ijayo. Vichekesho mwanzo mwisho. Huko zamani nilipewa kazi ya kupigwa teke na mfalme, nikaanguka vizuri tu. Mtu mzima mwenye kimo cha mtoto, kama mimi, akitaka kuigiza, huanza kwa kuanguka.

Kilichoniponza ni swali la binti yangu. Ana miaka tisa, na kimo amekirithi kwangu. Asubuhi moja namfunga kamba za viatu aende shule, akaniuliza, "Baba, huko miaka ijayo na sisi tupo?"

"Tupo, mama. Utaniona."

Domo langu hilo. Sehemu ya pili ya hadithi nilikuwa hata sijaisoma.

Tulipofika kwenye miaka ijayo nikakuta watu wa kila rangi, rubani mwanamke, wazee wanaokimbia kuliko vijana. Mwongozaji aliringa nao. Kila mwandishi wa habari aliambiwa kwamba filamu hii haijamwacha mtu. Mimi nikakabidhiwa vazi la roboti, kwa kuwa halimwingii mtu mrefu. Hata sauti ingewekwa ya mwingine.

Nikamfuata mwongozaji. "Bosi, nipitishe hata kule nyuma, na uso wangu. Nibebe mfuko, nisubiri mtu, chochote. Nina mtoto."

"Kaka, huko mbele madaktari wameshayamaliza hayo matatizo," akasema, macho kwenye skrini yake. "Halafu mbona upo? Wewe ndiye roboti."

Hayo matatizo. Nilitamani ardhi ipasuke, ianze kumla yeye.

Nikamgeukia fundi wa mavazi alipokuwa ananivisha kile kichwa cha plastiki. "Dada, usikibane. Nakuomba."

"Utanifukuzisha kazi."

"Nakupigia magoti."

Akanitazama, midomo ikimcheza. Kisha akaviacha vibanio vikining'inia, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kamera zilipoanza nikatembea mpaka katikati ya wale watu wazuri, nikakivua kichwa. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Maneno niliyoyapanga yote yakayeyuka, nikasema tu, "Habari za asubuhi," kama mtu aliyetoka nyumbani kwake.

Nikajua nimekwisha. Halafu mwongozaji akajipiga paja, akacheka hadi akakohoa. "Hiyo inabaki," akasema. "Hiyo inabaki yote." Nikamshika mikono miwili, nikamshukuru huku nalia mbele ya watu wazima.

Siku ya kuonyeshwa filamu nilimvalisha binti yangu gauni jipya, tukakaa safu ya mbele. Uso wangu ulipojaa ukuta mzima alinikamata mkono kwa nguvu. "Ni wewe, baba," akanong'ona.

Hapo hapo ukumbi ukaangua kicheko. Watu walicheka kuliko walivyocheka tangu filamu ianze. Nyuma yetu kuna mtu aliyekuwa anagonga kiti kwa ngumi. Binti yangu akasimama juu ya kiti chake, akawatazama, akarudi kuitazama skrini, akawatazama tena.

"Baba, wanacheka nini?"

Nikacheka na mimi, kwa sauti kuliko wote, ili adhani kuna kichekesho kimempita.